Meseji Iliyofika Nusu

Watu wa Kegonga, kijijini kwao Kuria, walipomuuliza Damaris Boke anafanya kazi gani huko Homa Bay, aliwajibu kwamba analipwa kuharibu. Wenzake wanatengeneza programu ya simu, yeye anaibonyeza kila upande mpaka ikatae, kisha anawaonyesha imekatalia wapi. Mama yake mdogo, Milka, aliyemlea tangu mama mzazi afariki, alicheka akasema kazi hiyo Damaris aliianza tangu utotoni, ila hakuna aliyemlipa.

Kampuni yenyewe iliunganisha mashamba makubwa na vibarua. Mwenye shamba aliandika anataka watu wa kazi gani, na jioni waliosajiliwa wakapata meseji. Aliyeitaka kazi alijibu kwa namba moja. Hakuna tena kuamka gizani ukasimame langoni kumngoja mnyapara akunyooshee kidole au akuruke. Damaris aliwahi kumwona Milka akirudi nyumbani asubuhi na jembe begani kwa kurukwa hivyo. Programu ilipofika mashamba ya Kuria, yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwasajili akina mama wa kwao, akianza na Milka. Mnyapara wa shamba la nyanya la mtoni, mzee Nicanor, hakuhitajika tena. Mwenye shamba akamwachisha.

Hitilafu Damaris aliigundua baadaye, kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe aliyoitunza ofisini kwa sababu wenzake walijaribia simu za kioo tu. Meseji ya Kiingereza ilifika nzima. Ya Kiswahili ilikuwa ndefu zaidi, kwa hiyo ilikatwa vipande viwili, na mtandao ukiwa dhaifu kipande cha pili kilichelewa au hakikufika kabisa. Kipande cha kwanza kilisema kazi iko wapi. Cha pili ndicho kilichobeba onyo: mistari fulani imepuliziwa dawa, msiiguse.

Alipeleka taarifa kwa Willis, meneja wake.

"Tuweke onyo mbele," alimwambia. "Maneno ya kazi yakipotea, mtu atakosa kibarua. Onyo likipotea, ataumia."

Willis alimwita Levis, aliyeandika sehemu hiyo ya programu. Levis akasema si kazi kubwa, angeimaliza kabla ya chai.

"Hapana," Willis akasema. "Wafadhili wako njiani. Mkigusa kitu kimoja, kingine kitaanguka mbele yao. Hii kitu tutaiweka kwa toleo lijalo."

"Na kule Kuria wengi wana kabambe," Damaris akasema.

"Dada Damaris, kazi yako ni kuripoti. Umeripoti. Sasa tuachie."

Wafadhili walikuja, wakaonyeshwa programu kwenye simu kubwa inayong'aa, wakapiga makofi. Toleo lijalo likapangiwa mambo waliyoyaomba wao. Onyo likabaki mwishoni mwa meseji, lilipokuwa.

Nyanya zilipoiva, Damaris alipigiwa simu na Nicanor, mnyapara yule yule aliyeachishwa.

"Njoo nyumbani," alisema. "Mama yako nimempeleka hospitali kwa bodaboda. Wameingia kwenye dawa."

Akina mama waliingia shambani asubuhi, umande haujakauka, wakaanzia mistari ya chini iliyopuliziwa jana yake. Hakukuwa tena na mnyapara langoni wa kuwazuia. Wengine walitapika, wakatibiwa, wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Milka alikuwa mchumaji mwepesi kuliko wote, na umande ulikuwa umemlowesha mpaka kifuani. Damaris alimkuta akitokwa na mate na jasho, mboni za macho zimenywea kama punje za wimbi, akipumua kwa shida.

Alipoweza kusema, Milka hakulalamika. Alisema tu, "Nilisoma, mwanangu. Nilisoma yote iliyokuwepo."

Damaris aliichukua simu ya Milka akatazama. Meseji iliishia kwenye neno "mtoni".

Mwenye shamba alitaka maelezo kutoka kwa kampuni. Willis alimwita Damaris ofisini kwake akafunga mlango. Alimpa pole, na ilionekana pole ya kweli. Kisha akasema, "Tunachokuomba uthibitishe ni kimoja tu. Mfumo ulituma ile meseji. Si ulituma?"

"Ulituma. Haikufika."

"Kufika ni mambo ya mtandao, si yetu."

"Nilikuambia haitafika."

Willis aligeuza kalamu yake mezani. "Ukisema hivyo nje ya chumba hiki," akasema, "tutafunga hii ofisi, na hao mama zako hawatapata kazi yoyote. Fikiria."

Damaris hakuthibitisha, lakini haikusaidia. Kampuni ikaandika kwamba meseji ilitumwa, mwenye shamba akasema wanawake wa huko hawana tabia ya kusoma, mambo yakaishia hapo. Levis alihamisha onyo likaja mbele. Alimaliza kabla ya chai, kama alivyosema. Hakumtazama Damaris usoni siku hiyo wala baadaye, na mkataba wa Damaris ulipokwisha haukuongezwa.

Alirudi Kegonga. Milka alikuwa amepona, kwa maneno ya daktari. Ila miguu ilikuwa mizito na mikono ilitetemeka, kikombe cha uji alikishika kwa viganja viwili. Wakati alipokuwa mgonjwa simu iliendelea kumwita kazini, naye hakujibu. Programu ikamshusha chini kwenye orodha kama mtu asiyetegemeka, mwishowe ikaacha kumwita kabisa. Damaris aliijua hesabu hiyo. Aliijaribu mwenyewe zamani, akaipitisha, kwa sababu ilifanya kazi jinsi ilivyokusudiwa.

"Nirudishe kwenye ile simu," Milka akamwambia.

"Mama, mikono hii itachuma nini?"

"Siwezi kuchuma. Lakini kuna wanaokaa chini wakichambua nyanya mbovu. Hiyo naiweza."

"Nenda ukaongee na mwenye shamba."

"Nilienda. Askari wa lango akaniuliza kama nimepata meseji."

Programu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu ataweza kazi ya kukaa. Kulikuwa na ndiyo na hapana tu. Damaris akamsajili kwa laini mpya, kama mtu mpya, angalau apite langoni akaombe kuchambua.

Meseji ikaja jioni, onyo likiwa mbele. Milka aliisoma polepole kwa sauti, akaisoma tena kuhakikisha imekwisha. Kisha akajaribu kujibu moja. Kidole kilitetemeka, akabonyeza mara mbili, simu ikamrudishia kwamba jibu halieleweki. Akajaribu tena. Ikakataa tena.

"Nipe," Damaris akasema. Akabonyeza moja, akaituma.