Viwavi wa Mlali na Alizeti ya Dada Mwendwa

Safari hii ilianza na simu ya dada yangu Mwendwa, mkulima wa Mlali. "Njoo unisaidie kubeba maji ya dawa," alisema. "Viwavi wamejaa pembeni mwa shamba. Mwaka huu hawanipati!" Nilimuuliza wakoje. Akasema wana milia myeusi, myeupe na ya njano, na wamekaa kwenye vile vichaka vyenye utomvu kama maziwa.

Moyo ulinilipuka. Hao ni watoto wa kipepeo wa rangi ya chungwa, yule mwenye ncha nyeusi za mabawa, anayezagaa nyuma ya banda langu la kushonea hapa Chamwino. Nimewalea kwenye ndoo mpaka majirani wakaniona nimerukwa na akili. "Usipulizie kitu, nakuja!" nilimwambia.

Alfajiri nilipanda basi la barabara ya Morogoro. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na nyasi zilifika kiunoni. Vipepeo wangu walikuwapo njia nzima, wakiruka chinichini bila haraka, kama watu walio kwao. Ndege wanajua kuwa ni wachungu, hivyo hawawasumbui.

Kibaigwa nilishuka, nikachukua bodaboda hadi Mlali.

"Mbukwa, shemeji!" mume wa dada alinisalimu kwa Kigogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Shikamoo, dada," nilisema, lakini macho yangu yalikuwa kwenye bomba la kupulizia, limeegemezwa ukutani tayari.

"Marahaba. Kula kwanza, kisha twende shambani."

Tukila ugali wa uwele na mlenda, tulibishana. Nilimwambia wale hawali alizeti, na kwamba akipulizia wakati imechanua atawaua nyuki, kisha mbegu zitashikaje?

"Wewe cherehani yako hailiwi na wadudu," alinijibu. "Mimi mwaka jana nilitazama mahindi yakiisha. Ada ya watoto iko pale kwenye alizeti."

Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, sikuweza kumlaumu. Tena niliogopa. Nilijua wadudu wangu wanakula nini, lakini sikuwahi kuwapa alizeti hata jani moja. Ningekosea, ningemmalizia dada yangu shamba kwa mdomo wangu.

Jioni niliomba ndoo mbili. Moja niliijaza majani ya alizeti, nyingine majani ya kile kichaka. Nikagawa viwavi humo, nikafunika kwa vipande vya chandarua kikuukuu.

"Wakila alizeti," nilitangaza, "bomba nalibeba mimi mwenyewe."

"Na palizi ataifanya nani?" shemeji aliuliza.

"Mimi!"

Asubuhi dada alifika kwenye ndoo kabla yangu. Alifunua ya kichaka: vimebaki vijiti na mavi. Akafunua ya alizeti, akainua majani moja moja, akiyageuza juu na chini. Hakukuwa na hata tundu. Viwavi walikuwa wanazunguka ukingoni mwa ndoo kwa njaa, wakitafuta njia ya kurudi kwao.

Mmoja alianguka. Kuku akamdaka, akamtema papo hapo, akafuta mdomo mchangani. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilipiga vigelegele vya harusi, peke yangu, uani.

Tuliwarudisha wenye njaa kichakani. Huko, chini ya tawi, kifuko kimoja cha kiwavi aliyejifungia kilikuwa kimegeuka cheusi. Kilipasuka mbele yetu. Kipepeo akatoka akiwa amekunjamana kama kitambaa kilichotoka kufuliwa, akaning'inia, mabawa yakanyooka polepole. Kisha akaruka juu ya alizeti yote, asiiguse, akaenda nyikani.

"Kumbe ndiye huyu," dada alisema kwa sauti ndogo. Alilirudisha bomba kwa mwenyewe aliyemwazima kabla ya saa sita.

Nilipoondoka aliniwekea karanga kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani. Nilirudi Chamwino nimejaa furaha, na funzo: kujua kwangu kulikuwa nusu, na hofu ya dada ndiyo iliyonilazimisha kutafuta nusu iliyobaki.

Juzi amenipigia. Alizeti imevunwa, gunia limesimama juu ya gunia. Jirani alikuja na panga kukata vile vichaka, akamkuta dada amesimama mbele yake.

"Nimemwambia aviache," dada alisema. "Wale wana shamba lao, na mimi nina langu."