Duara la Tumaini

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mfawidhi wa kitengo cha afya ya akili alinikabidhi penseli, mimi niliyekuja nikiwaza sindano.

"Chora ukoo wa mgonjwa," aliniambia. "Mwanamume mraba, mwanamke duara. Aliyewahi kuugua, mtie weusi. Ila shika hili: kurithi ni uwezekano tu, si hukumu."

Kuchora nilijua upesi. Hilo la mwisho lilinipita.

Nikahamishiwa zahanati ya ufukweni, kwa wafinyanzi. Huko nilimhudumia mama mmoja mwenye skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Duara lake nililitia weusi, na la dada yake pia. Chini yake nikamchora bintiye Tumaini, duara jeupe. Tumaini alikuwa hodari wa vyungu, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa kijiji cha Busale.

Huku kwetu watu hawaozeshani kabla ya kuchunguzana ukoo. Baba wa kijana akanifuata zahanati.

"Daktari, ugonjwa wa yule mama uko kwenye damu?"

Nilipaswa kumwambia siri ya mgonjwa haitoki nje. Lakini nilikuwa kijana, na elimu ilikuwa inaniwasha.

"Unaweza kurithiwa, mzee," nikasema, tena kwa madaha.

"Ndaga fijo," akanishukuru, akaenda kuvunja uchumba. Hakuna mwingine aliyekuja kumposa Tumaini.

Mfawidhi alipokuja kukagua alinifokea: "Umemtia weusi mtu asiyeumwa!"

Sasa nimestaafu na situlii. Naamkia shamba la mpunga, naenda Bondeni bila haja yoyote, narudi, natoka tena. Tumaini ana mvi na hajaugua hata siku moja. Mimi baba yangu mdogo alikufa akijibizana na sauti, na wakwe zangu waliponiuliza zamani, niliwaambia kwetu wote wazima. Naona aibu.

Kesho wanakuja kumposa mjukuu wangu. Juzi niliposikia hivyo nilishindwa kukaa, nikaenda ufukweni kwa Tumaini, nikamweleza yote, hata ya baba mdogo, nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku akiendelea kulainisha chungu kwa maji.

"Nimesikia, mzee," akasema. "Na wakikuuliza habari za kwenu, utawaambia?"

Nilisimama pale mpaka akaanza chungu kingine, nikaondoka. Tangu asubuhi nazunguka uani, na wageni wanaingia kesho saa nne.