Maneno Matatu Ukutani

Mume wangu ametulisha mimi na mapacha wetu kwa maneno matatu: NYUMBA HII HAIUZWI. Huandika na mengine pia. Huandika mabango ya saluni, namba za milango, na "Usikojoe hapa" kwa herufi nzuri kuliko jambo lenyewe linavyostahili. Lakini kinachotuwekea sufuria motoni ni hayo matatu.

Mjini kwetu ukuta usio na maneno hayo ni mwaliko. Ilianza na matapeli waliokuwa wakiuza nyumba za watu waliosafiri. Mwenyewe anarudi na sanduku lake, anakuta mgeni anamwagilia maua. Watu wakaanza kuandika kuta. Baadaye ikawa desturi, hata kwa wale wanaolala ndani ya nyumba zao kila siku. Na aliyetaka kuuza hakuhitaji tangazo. Alifuta maneno, madalali wakajua.

Basi mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mwandiko, akawa ndiye gazeti letu la bei. Mwaka ule meli zilipopungua bandarini alikuwa akirudi na nguo zimejaa chokaa: watu wanafuta. Ilipojengwa barabara mpya ya ufukweni na chuo kikafunguliwa kule kilimani, akawa anarudi na rangi nyekundu hadi kwenye nyusi: watu wanaandika. Nyumba ambazo zamani mtu angeona aibu kupewa bure, sasa ukitajiwa bei yake inabidi ukae chini kwanza.

Ni mtu mpole hadi anaudhi. Hupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, hurudi nyuma, hufumba jicho moja, na herufi ikiinama upana wa unywele ataifuta aanze upya. Brashi zake hazishikwi na mtu. Niliwahi kuchukua moja nikafutia vumbi kwenye redio. Hakunigombeza, alikaa kimya mpaka jioni, na afadhali angenigombeza.

Lakini kinyozi hajinyoi. Maneno ya ukuta wetu wenyewe yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari hadi ukalazimika kusogea ndipo uyasome. Nilimsema wiki nzima. Jumamosi asubuhi akaupaka ukuta chokaa upya, ili ukikauka aandike. Haujakauka akapigiwa simu na mteja wa upande wa pili wa mji, mwenye haraka zake, eti tapeli ameonekana akipima uwanja wake kwa futikamba. Mume wangu akabeba ndoo na brashi akaenda. Fundi wa "haiuzwi" akaiacha nyumba yake nyeupe, haina hata herufi moja.

Kabla ya adhuhuri nikasikia hodi. Alikuwa dalali mmoja mwenye miwani ya jua, na nyuma yake bwana na bibi wakilitazama paa langu.

"Karibuni. Mnamtafuta nani?"

"Tumekuja kuona nyumba, mama."

"Nyumba haiuzwi."

"Mbona ukuta unasema vingine?"

"Ukuta haujakauka."

Akaitaja bei hata hivyo, taratibu, ili niisikie vizuri. Nami niliisikia, nikashika fremu ya mlango. Walipoondoka nikampigia mume wangu. "Baba Pacha, rudi upesi. Umetuuza kwa chokaa."

Nyumba yenyewe si yetu peke yetu. Mama mkwe wangu aliwaachia watoto wake watatu: wifi yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, mume wangu, na shemeji yangu wa mwisho, anayeendesha winchi bandarini na kulala kwenye chumba cha kampuni. Sisi ndio tunaoishi humo. Ikiuzwa, wao wanapata pesa, na sisi tunapata pesa pamoja na barabara ya kulala. Dalali alikuwa na namba ya wifi, maana madalali wana namba za watu wote, na Jumapili mchana, kabla ukuta haujaandikwa, wifi na shemeji walikuwa wameketi sebuleni kwangu, wifi uso kaufunga.

Sisemi uongo, mimi na wifi hatupikiki chungu kimoja. Akiingia jikoni kwangu hufunua masufuria kama mkaguzi. Na kwa kuwa mke haalikwi kwenye kikao cha urithi wa wenzake, nilibaki huko huko jikoni nikimenya viazi, mlango nimeuacha wazi.

"Tuuze," wifi alisema. "Mimi nimechoka. Mwenye nyumba wangu anapandisha kodi kila mwaka. Safari hii kaniambia kama mimi siwezi, wanafunzi wa chuo wanaweza. Nimehama mara ngapi? Vitu vyangu vimezoea kukaa kwenye maboksi. Nataka mlango ambao hakuna mtu wa kuja kunigongea."

Kisu changu kikasimama. Sikuwahi kumsikia wifi akiomba kitu katika maisha yangu.

"Mimi nafuata mtakalosema," alisema shemeji. "Ila msinigombanishe na yeyote."

Mume wangu akamgeukia. "Dada, sikatai," akasema. "Ila twende kwanza tukaone fungu lako litakununulia nini. Tukipata nyumba ya kukufaa nitahama, wala hutanisikia nikinung'unika."

Kiazi kilinitoka mkononi kikabingirika hadi chini ya kabati. Alikuwa anagawa kitanda changu huku nasikia.

Siku ya mapumziko ya wifi, yeye na mume wangu wakaondoka na dalali yule yule, na mimi safari hiyo nilijialika mwenyewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, vigae sakafuni na maji ndani. Dalali akataja bei, nayo ilikuwa ya nyumba yetu nzima, si ya theluthi. Ya pili ilikuwa vyumba viwili karibu na barabara mpya, dirisha linafungukia ukuta wa jirani, na bado fungu la wifi halikufika. Tukazidi kwenda. Lami ikaisha, vumbi likaanza, hadi tukafika kwenye mashamba ya chumvi, mahali ambapo zamani hakuna aliyekwenda ila wavuna chumvi wenyewe. Huko nako tayari kuna vigingi vya viwanja. Dalali akatuonyesha nyumba isiyo na paa, plasta imeanza kumenyuka kwa chini, na kutoka hapo hadi hospitalini kwa wifi ni mabasi mawili. Hiyo fungu lake lilitosha. Paa angejitafutia mwenyewe.

"Lakini yetu umeitajia bei kubwa vile," wifi alimwambia dalali. "Iweje na hizi ziwe hivi?"

"Dada yangu, bei haipandi mtaa mmoja. Iliyopandisha ya kwenu ndiyo hiyo hiyo iliyopandisha na hii."

Wifi akaketi kwenye kizingiti, akavua kiatu, akakung'uta mchanga. "Kumbe sisi ni matajiri mpaka siku tutakayouza," akasema. Siku nyingine tungecheka.

Tulirudi. Nyumbani wifi akapitiliza hadi uani kunawa miguu. Huko nyuma pana msingi wa vyumba viwili aliouanza mama mkwe, akafariki kabla ya kuinua ukuta, na mimi huwa napanga ndoo zangu juu yake. Wifi alisimama juu ya ule msingi, amevaa kandambili zangu, akiutazama huku na huku. Nikajua kinachompita moyoni, na nikajua hatakisema. Mzaliwa wa nyumba amwombe nafasi mke wa mdogo wake? Na mume wangu naye asingesema, kwa kuwa anajua tunavyoishi mimi na dada yake. Alinitupia jicho mara moja tu, akageukia pembeni.

Ilikuwa imebaki kwangu. Nikayafikiria masufuria yangu yakifunuliwa kila siku iendayo kwa Mungu. Nikayafikiria na maboksi yake. Roho iliniuma kote kuwili.

"Wifi," nikasema, "hizo ndoo nitaziondoa. Kodi unayompa yule bwana, igeuze matofali. Vyumba viwili, na mlango wako mwenyewe."

Akashuka kwenye msingi. "Na jiko?"

"Jiko utajenga lako," nikajibu haraka, na mume wangu akacheka mpaka akashika nguzo ya kamba ya nguo. Wifi naye akacheka, halafu akalia, akajifuta kwa taulo langu safi lililokuwa limeanikwa. Sikusema kitu kuhusu taulo.

Shemeji alipopigiwa simu alisema atakuja kuchanganya zege siku zake za mapumziko. "Na mimi msiniuzie," akaongeza. "Ipo siku nitastaafu."

Alasiri hiyo hiyo mume wangu akakoroga rangi nyekundu, akapiga uzi wake wa chaki kwenye ukuta wa mbele. Maneno mawili ya kwanza aliyaandika mwenyewe. Alipofika la tatu akamnyooshea dada yake brashi. Mimi nimemzalia mapacha na sijawahi kupewa brashi hiyo, na nakiri wivu ulinipitia.

Wifi aliandika kama anavyoandika kwenye faili za wagonjwa, mbio mbio na kulalia kulia. HAIUZWI likapanda, likashuka, na herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikabanwa kwenye kona. Nilimtazama mume wangu nikisubiri achukue kitambaa. Akarudi nyuma, akafumba jicho lake moja, akaangalia kwa muda. Kisha akaenda kuosha brashi.

Sasa vyumba vimefika usawa wa madirisha. Jiko halijaanza, na wifi ameshasema la kwangu linatosha. Bei zimepanda tena, lakini yule dalali akipita hapa hutusalimia tu na kwenda zake. Wateja wanaokuja kumwita mume wangu kazini ndio husimama mbele ya ukuta wakashangaa, wakamuuliza ni nani kamharibia lile neno la mwisho.

"Lile," huwajibu, "kaliandika mwenye nyumba."