Mrija wa Don Evaristo

Magalí Orellano alikuwa na tumbo la kinyaa tangu utotoni. Akiona unywele kwenye supu, tumbo linapanda. Jirani akipenga kamasi, tumbo linapanda. Mama yake, muuza maua katika soko moja la mji wa Santa Fe, alizoea kumwambia, "Wewe mwanangu ungezaliwa malaika. Wale hawali wala hawapengi." Na mtu huyohuyo, katika kazi zote zilizojaa duniani, akaenda chuo kikuu kusomea shahada ya tiba kwa vitendo. Loo! Kama huko si kujitafutia balaa, basi sijui balaa ni nini.

Tiba kwa vitendo ni kazi ya kumrudisha mgonjwa kwenye mambo yake ya kila siku: avae shati mwenyewe, ajipake sabuni, ashike kijiko, na kama alikuwa fundi cherehani basi arudi kwenye cherehani yake. Kwenye vitabu ni kazi safi kabisa. Magalí alivimeza vitabu vyote. Mifupa ya mkono aliitaja mmoja mmoja huku anachana nywele. Darasani walifundishwa kukata kila shughuli vipande vipande, kupiga mswaki hatua kumi na nne, kuvaa soksi hatua tisa, na katika hatua zote hizo hakuna hata moja iliyosema, "Hapa udenda unadondoka."

Udenda alikutana nao mwaka wa nne, walipopelekwa kwenye mafunzo ya kazini. Alipangiwa nyumba ya wazee. Alikuta wanaume waliolea watoto sita, waliojenga nyumba kwa mikono yao, wamekalishwa mezani watunge shanga za tambi zilizopakwa rangi, na binti mmoja anawapigia makofi. Hilo peke yake lilimchefua. Halafu akapewa kibibi amlishe uji. Kibibi akakohoa, uji ukamrukia Magalí mkononi, na Magalí akatapika palepale, juu ya meza ya chakula, mbele ya wazee kumi na wawili. Mmoja wao akasema, "Huyu binti ndiye mgonjwa. Mpisheni kitanda."

Akaanguka somo. Na kanuni ya chuo ilikuwa moja: ukianguka kwenye mafunzo ya kazini mara mbili, shahada kwaheri. Miaka mitano inakwenda na maji.

Mara ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, alipelekwa hospitali ya kurekebisha viungo, chini ya Mwalimu Bettina Kunz, mama mrefu wa miwani ambaye hakuna aliyewahi kumwona anacheka kabla ya saa sita mchana. Mwalimu alimkabidhi mgonjwa mmoja na wiki nne. Mgonjwa mwenyewe ni Don, yaani Bwana, Evaristo Ledesma, fundi wa matandiko ya farasi, miaka sabini na moja. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mkono ulining'inia, mguu aliuburura, mdomo ulipinda, na kwenye pembe ya mdomo udenda haukukauka asubuhi wala jioni. Maneno yalimtoka polepole. Lakini yalitoka na makali yake yote.

Siku ya kwanza alikuja binti yake, Mirta, akazungumza na Mwalimu mbele ya mzee kana kwamba mzee ni kochi.

"Mimi nafanya kazi, mume wangu anafanya kazi," alisema. "Akiweza kukaa peke yake mpaka mchana na kujitengenezea cha kunywa, atarudi kwangu. Akishindwa, nimeshampatia nafasi nyumba ya wazee."

"Atapimwa jikoni," alisema Mwalimu. "Baada ya wiki nne. Utaalikwa uje uone." Kisha akamgeukia Magalí. "Na wewe utapimwa naye."

Jikoni maana yake ni chumba cha mazoezi chenye jiko, sinki na meza. Fomu ya kupimia ilitoka ng'ambo, na ilitaka mgonjwa atengeneze chai. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, lakini walitaka aletewe uji anaoujua! Kule kwao chai anakunywa mtu aliyeharibikiwa na tumbo.

"Don Evaristo, leo tunatengeneza chai," Magalí alimwambia.

"Nani anaharisha?"

"Hakuna anayeharisha. Ni zoezi."

"Basi zoezi hilo kampe anayeharisha."

"Nyumbani huwa unakunywa nini?"

Mzee alimtazama kwa jicho lake zima. "Yerba, binti. Kwani we umezaliwa mwezini?"

Magalí alijua jibu kabla ya kuuliza, na alikuwa akiliogopa. Yerba ndiyo kinywaji cha watu wote pale, wa ofisini na wa gereji. Majani yanatiwa kwenye kibuyu kidogo, yanamiminiwa maji ya moto, na unanyonya kwa mrija wa chuma. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, midomo yote iliyopo chumbani. Magalí alikuwa na kibuyu chake peke yake, amekificha kabatini. Kwa marafiki, miaka yote, alisingizia kidonda cha mdomo. Sijui walidhani ni kidonda gani kile kisichopona.

Hata hivyo alikwenda kwa Mwalimu. "Fomu inasema kinywaji cha moto anachokunywa nyumbani. Chai ni mfano tu."

Mwalimu Bettina alivua miwani, akasoma, akaivaa tena. "Hatua utazichambua mwenyewe. Zikikushinda, mtaanguka wote wawili."

Alizichambua, zikafika kumi na mbili. Shida ilikuwa moja: yerba inataka mikono miwili, mmoja ushike kibuyu, mwingine umimine. Magalí akatafuta kipande cha ubao, akakitoboa tundu la ukubwa wa kibuyu, akalizungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili kibuyu kisicheze, na chini akabandika raba ili ubao usiteleze mezani. Don Evaristo aliugeuzageuza ubao ule kwa mkono wa kushoto.

"Hii umekata kwa msumeno au umetafuna?"

"Kwa msumeno, Don Evaristo."

"Haya. Nimeona kazi mbaya zaidi, na zilikuwa za mafundi."

Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa. Wakaanza. Wiki ya kwanza majani yalijaa sakafuni na maji yakamwagika mpaka kwenye viatu. Wiki ya pili, asubuhi moja, mzee akafanikiwa. Akanywa kibuyu cha kwanza mwenyewe, kama inavyompasa anayemimina, akajaza tena, akamgeuzia Magalí mrija na kumpa. Uso wake wote, hata ule upande uliolala, ulikuwa unangoja.

Mrija ulikuwa unang'aa kwa udenda. Magalí aliuona unateremka, uzi mmoja mrefu, mzito. Tumbo likapanda. Basi akatia mkono mfukoni mwa koti lake la kijani, akatoa pamba ya spiriti, akaufuta mrija.

Ebo! Afadhali angemtemea usoni. Kule mtu hafuti mrija wa mwenzake. Unaweza kuoana na mtu, kugombana naye, kumshitaki, lakini mrija wake huufuti mbele yake. Na Magalí amezaliwa hapohapo, alijua fika, ila kinyaa kilimtangulia mkono. Don Evaristo alikichukua kibuyu, akakipindua kwenye sinki, majani na yote.

"Hata mbwa wangu sikuwahi kumfanyia hivyo," alisema.

Siku mbili hakumsemesha. Magalí akija, mzee anageukia ukuta. Magalí aliomba radhi ukutani, akaomba radhi mlangoni, na usiku akalala akijichukia kwa moyo wote, huku amenawa mikono mpaka viwiko. Siku ya tatu mzee akageuka. Si kwamba amesamehe. Wiki zilikuwa zinaisha, na nyumba ya wazee hakuitaka.

"Twende jikoni," alisema. "Pamba yako iache huku."

Tangu siku hiyo Magalí alipata ujanja mwingine. Katika desturi yao, anayepewa kibuyu hasemi asante. Asante husema mtu aliyetosheka, maana yake ni basi, usinijazie tena. Kwa hiyo mzee kila alipomnyooshea kibuyu, Magalí alikuwa mwepesi: "Asante, Don Evaristo." Na mzee alikunywa peke yake.

"Binti," alimwambia siku moja, "sijawahi kuona mtu anashiba kabla ya kula."

Magalí aliona haya mpaka masikioni. Lakini kunywa hakunywa.

Siku ya kupimwa, saa nne asubuhi, Mirta alikaa upande mmoja wa meza na mkoba wake mapajani, Mwalimu upande wa pili na fomu yake. Magalí alisimama karibu na sinki, mikono nyuma. Don Evaristo alikuwa amenyolewa ndevu na amevaa shati jeupe alilolifunga vifungo mwenyewe. Aliburura mguu mpaka jikoni. Akawasha moto. Akatega sikio kwenye birika, na lilipoanza tu kuvuma akaliondoa, maana maji yakichemka yanaunguza yerba. Akayatia kwenye themosi bila kumwaga tone. Akakiweka kibuyu tunduni, akamimina majani, akauinamisha ubao yalale upande mmoja, akayalowesha kwanza kwa maji kidogo, akachomeka mrija. Kalamu ya Mwalimu ilikuwa ikienda tiki, tiki, tiki. Mzee akamimina, akanywa cha kwanza mpaka mrija ukakoroma. Akajaza cha pili. Akakichomoa kibuyu tunduni, akaugeuza mrija, akamnyooshea mwanawe.

Hiyo ilikuwa hatua ya kumi na mbili. Mkono wake haukutikisika.

Mirta alikipokea kwa vidole viwili. Akaangalia mrija. Akafungua mkoba, akatoa karatasi laini, akaufuta. Akaikunja karatasi, akaufuta tena.

Kalamu ya Mwalimu ilisimama. Magalí alihisi tumbo linapanda, na safari hii si kwa sababu ya udenda. Lilipanda kwa ajili ya kile kikaratasi, na vile vidole viwili, na ile midomo iliyobanwa kwa usafi. Wanasema nyani haoni kundule. Magalí siku ile aliliona lake, waziwazi, limekaa kwenye kiti na mkoba mapajani.

"Baba, usichukie," Mirta alisema. "Ni mambo ya vijidudu tu. Hata watoto, wewe mwenyewe uliona... mezani walikuwa wanashindwa kula."

Basi ndiyo hiyo. Haikuwa chai, haikuwa yerba, haikuwa kukaa peke yake mpaka mchana. Wiki nne mtu mzima anasota na birika, na kumbe shida yao ni mdomo wake! Don Evaristo akanyoosha mkono, akakichukua kibuyu kikiwa hakijaguswa, akakirudisha tunduni taratibu.

Mwalimu Bettina alikohoa. "Hatua zote kumi na mbili zimekamilika," alisema haraka. "Don Evaristo amefaulu. Anaweza kurudi nyumbani."

"Mimi nimefaulu," alisema mzee. "Nyumba ndiyo imeanguka. Mirta, ile nafasi bado ipo?"

"Baba..."

"Nimekuuliza ipo?"

"Ipo."

"Niandikie hiyo, Mwalimu. Huko midomo yetu sote imepinda. Hakuna wa kumfutia mwenzake."

Mirta alilia. Alilia kweli, machozi mengi, akajifuta kwa karatasi nyingine kutoka mkoba uleule. Lakini katika kulia kwake kote hakusema, "Baba, usiende." Akainuka kumfuata Mwalimu ofisini kutia saini. Mlangoni Mwalimu alimgusa Magalí begani, akanong'ona, "Tisa kwa kumi. Hongera, umepita."

Tisa! Magalí alitamani kuitapika ile tisa palepale sakafuni. Kaipata kwa mrija ambao yeye mwenyewe hajawahi kuutia mdomoni, kwa mzee anayepelekwa kutunga tambi.

Wakabaki wawili. Don Evaristo alimwaga maji yaliyopoa, akajaza upya, akanywa polepole mpaka chini, akiutazama ubao wake. Udenda ulimshuka kwenye mrija kama kila siku, uzi mmoja mrefu. Akajaza tena, akamnyooshea.

"Haya, binti," alisema. "Nishukuru, twende zetu."

Magalí alikipokea kwa mikono miwili. Mrija ulikuwa umelowa, una uvuguvugu wa mdomo wa mtu mwingine, na kinyaa kilimpanda kutoka unyayoni mpaka utosini, kilekile cha siku zote, wala hakikupungua chembe. Akautia mdomoni. Akavuta. Koo likakataa, akalilazimisha. Macho yakamtoka machozi, akaendelea kuvuta mpaka mrija ukakoroma, kisha akamrudishia kibuyu.

Mzee alisubiri lile neno, asante. Magalí akafunga mdomo wake, akamwangalia. Don Evaristo akashika themosi, akamjazia tena.