Tonge la Mkono wa Kushoto

Kila nikiikumbuka safari ile, naanza kuuona ukungu. Ukungu wa Mbinga hauna haraka. Asubuhi unakaa juu ya mibuni mpaka watu wamekunywa chai ya pili, na mtu akipita barabarani unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Ndani ya ukungu huo namwona baba barazani, mkono wake wa kulia umelala pajani. Mkono ule ulichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, tangu sijazaliwa. Kiharusi kiliuchukua asubuhi moja.

Maneno yalimrudia. Mguu nao ukarudi nusu, mkono ukagoma. Wakulima walipatikana, mibuni ikapaliliwa, na hilo halikumsumbua sana. Kilichomuuma baba ni chakula.

Sisi Wamatengo tuna sengu. Wanaume wa ukoo hukaa pamoja, kila nyumba inaleta chakula chake, mnakula sahani moja huku mkiongea mambo ya watu: nani anaoa, nani kagombana na mkewe, mpaka wa shamba la nani umesogea. Siku hizi sehemu nyingi imekufa, vijana wako Songea na Dar es Salaam, lakini kwetu sengu ya Jumapili baada ya misa ilikuwa bado ipo. Mkubwa ananawa wa kwanza na kumega wa kwanza, na mpaka tonge lake lifike mdomoni hakuna anayegusa. Mkubwa alikuwa baba. Na mkono wa kushoto hauli. Una kazi zake, kila mtoto anazijua, na ukithubutu kuupeleka kwenye sahani unachapwa papo hapo. Kwa hiyo baba aliacha kuja. Akawa anakula chumbani, mlango umefungwa, mama akitoka na sahani anasema tu, "Amekula." Baba mdogo ndiye akawa anamega wa kwanza, huku akiangalia pembeni.

Halafu nikaja mimi kuharibu zaidi. Nilikuwa nimetoka masomoni, miaka miwili katika nchi ya baridi, mtu mzima na ndevu zangu, najiona nimeerevuka. Jumapili nikambembeleza baba atoke, akatoka. Chakula kilipowekwa nikachomoa kijiko kipya mfukoni, nikakiweka mbele yake, mbele ya wadogo zake wote. Kwenye sengu kijiko ni cha mgonjwa, au cha mtoto anayeachishwa ziwa. Nililijua hilo tangu utoto, na bado nilikiweka. Baba alikitazama kidogo, akasema, "Asante, mwanangu," akashika fimbo yake, akarudi chumbani. Hakuna aliyenigombeza. Nilitamani wanigombeze.

Wiki hiyo hiyo mjomba alipiga simu kutoka Chiwanda, ziwani, nyumbani kwao mama. Alisema kama hatumleti shemeji yake, yeye atapanda mlimani kumfuata kwa mtumbwi. Baba alicheka, mara ya kwanza tangu augue, akakubali. Ila mimi na mama tulitazamana. Ukweni huwezi kwenda ukakataa chakula, na baba alikuwa hali mbele ya watu.

Tukaondoka asubuhi kwa gari la kuazima, mama nyuma, baba mbele pembeni yangu. Barabara ya kushuka Mbamba Bay inajikunja na kujikunja, na kadiri unavyoshuka joto linapanda, masikio yanaziba, nguo unazivua moja moja. Ziwa linajitokeza upande wa kulia, linapotea, linarudi upande wa kushoto. Huwezi kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mama alisinzia. Nami niliendesha nusu nikiwa macho, nusu sijui nipo wapi, na pengine ndiyo maana nilianza kuongea.

"Nitawaambia tumbo linanisumbua," baba alisema ghafla.

Nikamsimulia kule nilikokuwa. Nilimwambia kule watu wengi wanashika uma kwa kushoto, na chakula kinaingia mdomoni kwa mkono huo, mchana kweupe.

"Wote?"

"Karibu wote."

"Hata padre wao?"

"Hata padre."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Nikamsimulia Mhindi mmoja tuliyekaa naye bweni moja, alikula wali kwa ncha za vidole tu, na aliponiona nalifinyanga tonge kiganjani akaniuliza kama nala au nafyatua tofali. Baba akacheka tena. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ya kwanza jikoni kule nilikuwa nakula ugali kwa mkono, mama mmoja akaniletea uma, kwa upole kabisa, akidhani sina. Tangu siku hiyo nikawa nala chumbani, mlango nimefunga na pazia nimeshusha. Hapo kisa cha kijiko kikanirudia chote, maana nilikuwa nimemfanyia baba yaleyale. Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Akapiga paja langu kwa mkono wa kushoto, basi.

Nikamalizia na Mhabeshi. Huyo alinialika kwake, tukazunguka sinia moja, akakunja tonge akaninyooshea mdomoni. Kwao ndiyo heshima kwa mgeni. Mimi nikageuza uso. Niliona ananifanya mtoto. Mkono wake ukabaki umening'inia juu ya sinia, akala mwenyewe lile tonge.

"Ulikosea," baba alisema.

"Nilikosea."

Tulipita kona mbili. Halafu akaniuliza, taratibu, "Na mimi nikikulisha kwa huu uliobaki, utakula?"

Ziwa lilikuwa limetokea tena. Nikajifanya natazama barabara, na swali likapita. Ukweni ni ukweni, na mkono wa kushoto ni mkono wa kushoto, hata ukiwa wa baba yako. Alisubiri kidogo, kisha akafumba macho.

Chiwanda tulifika jua limesimama kichwani. Shikamoo zilipokwisha mjomba akaanza utani wake. "Watu wa mlimani mmekuja kukabwa na miiba yetu."

"Miiba si tatizo," baba akasema. "Tatizo ni ule ulimbo wenu mnaouita ugali."

Mkeka ulitandikwa kivulini nyuma ya nyumba, maji yakigonga mchanga hatua chache tu. Ugali wa muhogo ukaja, na samaki mbasa kwenye mchuzi. Mjomba alichukua birika la maji mwenyewe, na sabuni. Alianza na baba. Aliuinua ule mkono wa kulia, akauosha kidole kwa kidole, akaulaza pajani. Kisha akauosha wa kushoto, kwa muda uleule. Tukanawa wote, mimi na wajomba wengine, tukakaa tukisubiri, maana mkubwa pale mkekani alikuwa baba.

Nilimwona anavuta pumzi. Nikajua sasa atasema tumbo.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akamega. Muhogo ulimnata, tonge likavunjika. Akalikusanya, akaliviringisha vibaya, akalichovya kwenye mchuzi, akanyofoa na samaki. Mashemeji wote walikuwa wanatazama. Hakulipeleka mdomoni mwake. Alinigeukia mimi.

Sitadanganya, karibu nigeuze uso. Mwili ulikumbuka kila kofi la utotoni. Mkono wake ulisimama mbele ya uso wangu, mchuzi ukidondoka kwenye mkeka, na macho yake yalikuwa yanauliza lile swali la garini.

Nilifungua mdomo. Vidole vyake viligusa ndevu zangu. Nilitafuna polepole ili wote waone, nikameza, na machozi yakanitoka nikasingizia pilipili.

"Haya," mjomba akasema, "mkubwa ameshamega." Mikono ikaingia kwenye sahani. Baba akamega la pili, hili la kwake, akala.

Jumapili iliyofuata, Mbinga, ukungu ulichelewa kupanda. Chakula cha sengu kilikuwa tayari kinatoa mvuke, na baba mdogo alikuwa ameshanawa, lakini hakumega. Alikaa ameiweka mikono mapajani, akisikiliza fimbo ya baba ikija.