Mjusi wa Mvule

Mwaka ambao mama alikwenda Izimbya kumuuguza mama yake, tulibaki watatu nyumbani kwetu Ijumbi: baba, bibi mzaa baba, na mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kusoma vitabu vya Kiswahili shuleni, na nyumbani tulisema Kihaya. Baba alikuwa mpasua mbao. Wakati ule Waingereza ndio waliotawala, na kibali cha kukata mvule kilitoka bomani, kwa hiyo mvule mmoja ukianguka ilikuwa habari ya kijiji kizima.

Jioni moja baba alirudi kazini amelibeba koti lake mikononi badala ya kulivaa, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilipiga magoti kumsalimu. Kabla hajaitikia akasema, "Njoo uone nilichokikuta kwenye gamba la mti."

Alichuchumaa kwenye nyasi tulizotandika sakafuni, akafungua koti taratibu. Ndani yake alikuwamo mjusi. Mijusi wadogo wa ukutani nilikuwa nimewazoea, lakini huyu alikuwa kitu kingine kabisa. Urefu wake ulikaribia urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kichwa chake kilikuwa kipana kama kijiko cha mti. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya gamba la mvule, na mabaka yake yalikuwa yale yale ya gamba, hata nilipoyaondoa macho na kuyarudisha ilinibidi nimtafute upya. Macho yake hayakuwa na kope. Yalitutazama tu, makubwa, yamepasuliwa katikati na mstari mwembamba mweusi.

"Mti ulipoanza kulia sote tulikimbia," baba alisema. "Ukaanguka, ardhi ikatikisika. Nilipobandua gamba nikamkuta ameshikilia pale pale. Mti mzima umeanguka na yeye hakuachia."

Bibi alikuwa akimenya ndizi upande wa pili wa moto. Alisimama na kisu mkononi.

"Hicho ni mjusi kafiri," alisema. "Kikikugusa unatoka mabaka mwili mzima. Kitoe."

"Si yule wa ukutani, mama. Huyu ni wa juu mtini. Tazama ukubwa wake."

"Ukubwa wa nini? Ukubwa wa balaa?"

Baba hakubishana naye. Alinitazama mimi. "Mti wake tumeuangusha," alisema. "Hana pa kurudi. Utamtunza?"

Nilisema ndiyo kabla sijajua nimekubali nini.

Bibi akaweka sharti: mjusi asilale chini ya paa moja na yeye. Baba akachukua tenga la kubebea kahawa, akasimamisha ndani yake kipande cha lile gamba la mvule, akafunika mdomo kwa kipande cha chandarua kilichochanika, na tenga likawekwa kwenye kibanda cha kahawa nyuma ya nyumba. Kila nilipotoka shule nilikwenda huko moja kwa moja, hata kabla ya kuteka maji.

Mwanzoni hakula. Nilimpa mende, nikampa nondo niliowakamata chini ya majani ya migomba, na kesho yake niliwakuta wamekufa kwenye kona ya tenga. Nilianza kuogopa kwamba atakufa mikononi mwangu. Kisha wakaja senene, panzi wa msimu wa mvua.

Mtu asiye wa kwetu huenda asielewe kelele ya asubuhi ya senene. Anga linakuwa kama linachemka, na watu wanatoka mbio na vikapu, wengine hawajanawa uso. Siku zile sisi wanawake tuliwakamata na kuwachambua mabawa na miguu, lakini hatukuwala. Senene walikuwa chakula cha wanaume. Mimi nilijua harufu yao kikaangoni, sikujua ladha yao. Asubuhi ile nilimshika mmoja mnene wa kijani, nikakimbilia kibandani, nikampitisha chini ya chandarua.

Mjusi aligeuza kichwa, kisha akatulia. Nilisubiri mpaka mkono ukachoka. Sikuona alivyosogea, nilichojua ni kwamba alikuwa kule na mara yuko hapa, na senene amenitoka vidoleni. Alitafuna kwa utulivu wa mzee aliyekaa kwenye kigoda chake. Alipomaliza alitoa ulimi mpana, wa rangi ya waridi, akajilamba jicho. Kwanza la kulia, halafu la kushoto, kama mtu anayefuta kioo.

Nilimweleza baba kwamba mjusi amekula senene.

"Basi ni mwanamume," baba alisema, akacheka. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikosea.

Tangu siku hiyo alikula kutoka mkononi mwangu. Nilijifunza kwamba tumbo lake ni laini na baridi, kwamba akikasirika hutoa sauti ndogo kama mlango mkavu unaofunguliwa, na kwamba akikaa kizani rangi yake hufifia mpaka anakaribia weupe. Ngozi yake ilipopauka na kuanza kuchanika, nililia nikidhani anaugua. Aliivuta mwenyewe kwa mdomo, hata vidoleni ikatoka kama soksi inayovuliwa, akaimeza yote. Chini yake alikuwa mpya.

Baba alipopeleka mbao Bukoba alirudi na kioo kipya cha taa, maana cha zamani kilikuwa kimepasuka. Jua lilikuwa bado halijazama. Niliomba nikishike, na bila kufikiri sana nikakiweka mdomoni mwa tenga. Mjusi akapanda ndani ya kioo kile kama vile kupanda ukuta mkavu, na hapo kwa mara ya kwanza tukauona unyayo wake kwa upande wa chini.

"Tata, njoo," nilisema. "Njoo uone."

Baba alikuja akipangusa mikono. Aliinama, kisha akapiga magoti kabisa, uso wake karibu na kioo. Chini ya kila kidole kulikuwa na mikunjo midogo iliyopangwa safu kwa safu, kama chini ya uyoga. Mjusi aliponyanyua mguu, vidole vilijikunja kwenda juu, kinyume cha vyetu, vikabanduka kimoja kimoja. Alipoutua, mikunjo ilijilaza kwenye kioo na kushika. Hakukuwa na gundi wala kucha pale. Kioo kilibaki safi.

"Mimi hupanda kwa kamba na kiuno changu bado kinatetemeka," baba alisema kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Hebu mgeuze."

Nilikigeuza kioo juu chini. Mjusi hakuanguka. Alitutazama tu. Ulikuwa wakati wa kuwasha taa, lakini sote wawili hatukuikumbuka mpaka bibi alipotuita kutoka ndani na kuuliza kama tunataka ale gizani.

Kilichombadilisha bibi kilitokea wakati wa kuanika kahawa. Asubuhi hiyo nilimtoa mjusi nimwoteshe jua kidogo kwenye jamvi, buni zikiwa zimetandazwa kotekote. Nilikuwa nimegeuka kufukuza mbuzi. Kuku mmoja mweusi alikuja mbio na kumdonoa. Nilisikia bibi akipiga kelele, nikamwona anamfuata kuku na ufagio, na nilipotazama chini niliona mkia wa mjusi unarukaruka peke yake juu ya jamvi. Ulijikunja, ukajikunjua, ukajipiga kwenye buni kama samaki aliyetolewa ziwani. Mjusi mwenyewe alikuwa amejificha chini ya ukingo wa jamvi, nyuma yake pamepungua kipande kizima.

Bibi alisimama na ufagio wake hewani. "Mkia unaishi," alisema. "Mwenyewe yuko kule, na mkia unaishi."

Tulisimama pale mpaka ulipotulia. Nililia sana siku hiyo. Bibi, ambaye hakuwahi kuingia kwenye kibanda kile tangu mjusi aingie, alinifuata mpaka ndani na kukaa juu ya gunia.

Lazima niseme kuhusu mkono wa bibi. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Alipokuwa bibi arusi, nyoka alimuuma akipalilia kwenye kibanja cha migomba, na babu aliyekuwa karibu akakikata kidole kwa panga pale pale kabla sumu haijapanda. Bibi alisimulia jambo hilo bila uchungu. Alisema babu alimpa maisha kwa panga.

"Atakufa?" nilimuuliza.

"Sijui, kaisiki," alisema. Hilo ni neno letu la kumwita msichana, na alilitumia aliponihurumia. "Mimi sikufa."

Mjusi hakufa. Baada ya muda kidonda kilikauka. Kisha pale mwisho pakatokea kinundu cheusi, laini, kama ncha ya ua la mgomba linapochungulia. Nilimwita bibi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiniita.

"Fungua," alikuwa akisema akifika kibandani, hata kabla hajakaa. Nilifungua chandarua, naye aliinama na kutazama. Kinundu kilirefuka. Kikawa na umbo la pembe ndogo, kisha la kidole, kisha kikawa mkia. Haukuwa na mabaka kama ule wa kwanza, na ulinenepa zaidi kwenye shina, lakini ulikuwa mkia. Alipotembea aliuyumbisha kama kawaida.

"Nani anauambia usimame?" bibi alimuuliza baba siku moja wakati wa chakula.

"Ni nini kinachoambiwa, mama?"

"Mkia. Umefika pale ulipokuwa, umeacha kukua. Nani ameuambia kwamba hapa panatosha?"

Baba aliweka tonge chini. "Sijui, mama."

"Hujui, nawe unamwimbia Mungu kwenye kwaya kila Jumapili," alisema bibi, lakini hakuwa anamkemea. Alikuwa akitabasamu, na macho yake yalikuwa mbali.

Kesho yake aliingiza mkono wake wa kushoto ndani ya tenga. Mjusi alimkagua kwa ulimi, kisha akapanda kiganjani mwake na kukaa, koo likidunda. Bibi naye alidunda, niliuona mshipa shingoni mwake. "Ni baridi," alinong'ona. "Ni laini kama sikio la mtoto mchanga." Usiku alipojilaza, aliniambia baadaye akicheka, alikuwa amekipapasa kigutu cha kidole chake kuona kama nacho kina nia yoyote ya kuota.

Bibi ndiye aliyeyaona mayai. Yalikuwa mawili, meupe, ya mviringo, yamegandishwa kwenye upande wa ndani wa gamba la mvule kana kwamba yameota hapo.

"Mume yuko wapi?" aliniuliza.

Nilikwenda kumuuliza baba. Baba alikuna kichwa na kusema labda alibaki kwenye mti. Bibi akatoa amri kwamba gamba lisiguswe, na kwamba mama mzazi apewe senene wa kutosha wakiwapo, na wasipokuwapo apewe panzi wanono, si mende.

Mama alirudi kutoka Izimbya kabla mayai hayajaanguliwa. Bibi yangu wa kule alikuwa amepona. Mama aliingia uani na mzigo wake kichwani, nami nikamkimbilia, lakini kabla hajautua bibi alimshika mkono. "Njoo kwanza huku," alimwambia. Mama alipochungulia ndani ya tenga alirudi nyuma na kujigonga mlangoni. "Mae! Ni nini hiki?" Bibi alimjibu kwa upole, kama anayemtambulisha mgeni, "Usiogope. Hana mabaka ya kumpa mtu. Kaa utazame."

Mama alikaa. Alikuwapo siku yai la kwanza lilipopasuka, asubuhi moja baada ya mvua, baba akiwa bado hajaenda kazini. Bibi alikuwa amelipakata gamba magotini. Ganda lilifanya ufa, pua ikatokea, na jicho likafunguka duniani likiwa tayari limekamilika, bila kope, likitutazama wote wanne. Kisha kikatoka chote, kidogo, chenye mabaka safi ya mvule kwenye kila sehemu ya mwili mpaka ncha ya mkia. Hakuna aliyewahi kukionyesha mti ule. Kilipanda juu ya mkono wa bibi, kikashika kwa nyayo zake, na bibi akasema maneno ya sala ya shukrani kwa Kihaya, polepole, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

La pili lilipasuka kesho yake. Bibi ndiye aliyeamua kwamba sasa wanatosha kuwa na mti wao. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mti mkubwa wa lubugo, ule ambao wazee walibandua gamba lake na kuligonga wapate nguo. Tulikwenda sote. Baba aliwainua watoto wale kwa kiganja mpaka wakashika gamba, nami nikamweka mjusi mkubwa kwenye shina, chini ya tawi la kwanza.

Alitulia kidogo. Kisha alipanda hatua chache na kusimama. Sote tulikuwa tunamtazama, bila kupepesa. Mama aliuliza, "Amekwenda wapi?" Baba alinyoosha kidole, kisha akakishusha. Hakuwa ameondoka. Alikuwa pale pale mbele yetu, kwenye gamba, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwona.