Pazia Lenye Pengo

Kwa miaka kumi na sita Fundi Matambara hakuwahi kujibizana na baba mkwe wake, na asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa amedhamiria kutimiza miaka kumi na sita na siku moja. Ndiyo maana, alipomaliza kutandaza vipande vya pazia uani na kuona viko vinane, alijishuku mwenyewe kwanza. Alivuta pumzi, akavihesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba vikihesabiwa kinyumenyume vitaongezeka. Vikawa vinane.

"Mkwe," sauti ikatoka juu, ndani ya lori. "Tupige stata?"

"Bado kidogo, Baba."

"Hiyo bado yako sasa inaota mvi."

Jina la Matambara hakupewa kwa sababu ya uchafu. Zamani, akiwa bado anajifunza kazi, alisahau tambara ndani ya injini ya mtu. Likazama kwenye oili, likaziba chujio, injini ikanoki kabla haijafika kona ya kwanza. Tangu siku hiyo, akifungua injini, kila tundu hulizibia kitambaa ili vumbi na nati visiingie, na vitambaa vyote huvichana kutoka nguo moja. Kuhesabu peke yake hakukumtosha, maana kipande kimoja huweza kukatika vikawa viwili, nawe ukajisifu kwamba hesabu imetimia. Yeye, kazi ikiisha, huvitandaza chini na kuviunga kama vilivyokuwa. Nguo ikirudi nzima, ndipo ufunguo unapoguswa.

Safari hii ilikuwa pazia la njano alilopewa na mkewe. Alilichana vipande tisa. Sasa lilikuwa limelala uani na pengo katikati, upana wa viganja viwili, likimchekea kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

Lori lenyewe lilikuwa la zamani, la pua ndefu, taa za mviringo na usukani mpana kama sinia. Baba mkwe aliliendesha miaka thelathini na mmoja. Injini yake ilipokufa alilivutia kando ya ukuta wa nyumba yake, na hapo likakaa miaka mitatu, kuku wakitagia nyuma ya magurudumu. Mama mkwe, aliyebakiwa na kijisehemu tu cha kuanikia nguo, aliliita mke mwenza. Mwezi uliopita, injini ilipopatikana kwenye basi bovu la ukoo uleule, alikubali ifungwe, ila alitoa sharti huku kila mtu wa nyumbani akisikia.

"Injini moja," alisema. "Mke mwenza akiamka, akae. Asipoamka, Jumatatu wakata vyuma wapo hapa. Na msije mkaniletea habari za injini ya pili."

Injini ya pili haikuwepo popote. Fundi alikuwa ametafuta mpaka kwenye magofu ya magari ambako hata nyoka hawaishi.

Wiki nzima baba mkwe alikuwa akisaidia. Alisaidia kukaza bolti iliyokwisha kukazwa, hadi ikakatika kichwa. Alisaidia kujaza maji kwenye rejeta kabla mpira wa chini haujafungwa, na fundi akiwa amelala papo hapo chini. Kila mara fundi alijifuta uso akasema, "Asante, Baba," na ile asante ilizidi kuwa nyembamba siku hadi siku.

"Baba," aliuliza sasa, "hukuona kitambaa cha njano?"

"Mimi ni dereva, mwanangu. Mambo ya mapazia muulize mama yako."

Mama mkwe alikuwa anaanika mashuka kwenye kijisehemu chake. "Mimi nikiona kitambaa nakifua," alisema bila kugeuka. "Na sijafua cha njano."

Fundi alikwenda kwenye betri akachomoa waya, taratibu, kama mtu anayemfukuza inzi tu. Kisha akaanza upya. Alifungua bomba la kuingizia hewa alilokwisha kulifunga jana. Akaingiza kioo kidogo na tochi, akachungulia tundu moja baada ya jingine. Safi. Akafungua bomba la moshi, akatia mkono hadi kiwiko kikamkatalia. Safi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta na kuanza kumchoma kisogo.

Juu, ufunguo ukageuzwa. Kimya.

"Mkwe, mbona hailii?"

"Nimechomoa waya wa betri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakuheshimu, Baba."

Mzee alilitafuna jibu lile, akaliona lina mfupa. "Miaka thelathini na mmoja," alisema hatimaye, akiiambia dashibodi, "sijaona injini ikidaiwa pazia kabla ya kuwashwa."

Fundi alimpigia simu mkewe. Labda lile pazia lilikuwa na tundu tangu mwanzo?

"Lilikuwa zima," alisema mkewe. "Ulilichana mwenyewe mezani, na watoto wakakuhesabia. Tisa. Baba hajambo?"

"Hajambo mno."

"Usimkasirikie, baba watoto."

"Nani kakasirika?" alisema fundi, akagundua kwamba ameuma meno hata simu ilikuwa ikitetemeka sikioni.

Palibaki mahali pamoja, palepale alipopaogopa tangu ujana: sampu, lile beseni la chuma lililo tumboni mwa injini, oili inapokaa. Kulishusha ni bolti ishirini na mbili, na zile za nyuma hazifikiwi ila kwa mtu aliyezaliwa bila mabega. Alikinga ndoo safi, akamwaga oili yote aliyoitia alfajiri, akatandika gunia, akaingia chini. Bolti ya saba ilimchubua kidole. Ya kumi na nne ilimdondokea jichoni. Kwa juu alisikia kiti cha dereva kikilia kila mzee alipojigeuza, na mzee akipiga mluzi, kisha mluzi ukakoma.

Sampu ikashuka. Ndani mlikuwa safi kama sahani ya mgeni. Chujio nalo safi. Hakuna uzi wa njano.

Fundi alilala chali, akatazama tumbo la injini lililo wazi juu yake. Hasira ilimpanda, ikafika kooni, ikakuta miaka kumi na sita imekaa hapo mlangoni, ikarudi chini. Akatoka akiwa mweusi hadi kwenye kope.

"Baba," alisema, kwa sauti ya mtu anayebeba maziwa yaliyojaa pomoni. "Hakimo. Kama hakimo hapa, basi kimepenya mahali nisipopaona. Itabidi tuishushe injini yote, niifungue kichwa. Siku nne. Labda tano. Mama itabidi atuongezee muda."

"Mama hataongeza," alisema mama mkwe, na kibanio cha nguo mdomoni.

Ndani ya lori kiti kililia. Mlango ulifunguliwa polepole. Mzee hakushuka. Aliinua paja moja, akaingiza mkono chini yake, akatoa kitambaa cha njano kilichokunjwa mara nne, nadhifu, cha moto kama mkate.

Fundi alikitazama. Akatazama sampu. Akatazama kidole chake.

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

"Na ufunguo uliokuwa unaugeuza?"

"Nilikuona kwenye kioo ukichomoa waya. Usingeuchomoa, nisingeugusa." Mzee aliteremsha sauti ili isifike kwenye mashuka. "Likikataa leo, mwanangu, Jumatatu linakatwa. Lakini lisipowashwa, halijakataa. Wewe huwashi bila pazia kutimia. Nikasema, acha lipate siku mbili tatu."

Maneno mengi yalikuja mdomoni mwa fundi, yakiwa yamejipanga na yamevaa viatu. Alimtazama yule mzee na kofia yake ya udereva, aliyoipiga pasi kwa ajili ya leo. Akachagua maneno machache.

"Bolti ishirini na mbili, Baba."

"Nilizisikia zote."

"Basi shuka unishikie tochi. Na usisaidie kitu kingine."

Waliirudisha sampu. Mzee alishika tochi, na akaishika vizuri. Gundi ya kuzibia kingo za sampu ilipokauka, oili ikachujwa na kurudishwa, kisha fundi akakitia kipande cha tisa kwenye pengo lake. Pazia likatimia. Akarudisha waya wa betri, akavuta kamba ya kuzuia dizeli ili injini izunguke bila kuwaka, mpaka mshale wa oili uinuke.

"Sasa, Baba."

Mzee aliiweka sawa kofia yake, akageuza ufunguo. Stata ikalia. Mshale ukalala, ukalala, ukanyanyuka. Fundi akaiachia kamba. "Tena." Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mama mkwe akaacha kuanika. Fundi akalegeza nati ya bomba la dizeli, akatoa upepo uliobaki hadi povu likaisha, akakaza. "Tena."

Ikashika. Kwanza kwa kigugumizi, kisha ikanguruma, ua mzima ukatikisika, kuku wakakimbilia jikoni, na moshi mzito ukavuka kwenda moja kwa moja kwenye mashuka.

Mama mkwe aliutazama ukipita. "Ameamka na tabia zake zilezile," alisema, akaanza kuanua. "Haya, akae. Na hicho kipande mlikikuta wapi?"

"Mahali pa joto, Mama," alisema fundi.

Mzee hakusikia. Alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama mbele, kwenye ukuta, kama mtu aonaye barabara. Kisha akainama dirishani, akatazama chini ya lori, akakunja uso.

"Mkwe," aliita, akishindana na ngurumo. "Naona oili inadondoka kutoka kwenye sampu. Una hakika ulikaza vizuri?"

Fundi Matambara alifumba macho. Akahesabu hadi ishirini na mbili. Kisha akaomba izimwe, akachukua spana, akarudi kwenye gunia lake.

"Asante, Baba," alisema kutoka huko chini.